Tano za Huruma

Kuna watu wamezaliwa na sura ya kuhurumiwa, hata wakiwa wameshiba na wamelala vizuri. Huyu alikuwa mmoja wao. Mwembamba, shingo ndefu, macho makubwa yanayoonekana kama yametoka kulia sasa hivi, kumbe mwenyewe hana hili wala lile. Akienda sokoni, muuza nyanya humwongezea moja bila kuombwa. Akipanga foleni benki, hakosekani mzee wa kumwambia, "Pita mbele, binti yangu," naye ameshavuka arobaini na ana mvi zake anazozificha chini ya kitambaa. Sura hiyo ilimfaa sana maishani, mpaka siku ilipomponza.

Alikuwa mdodosaji. Kabla ya hapo alikaa mapokezi katika shule moja ya binafsi, shule ikafungwa. Akajaribu kuuza vitambaa, vitambaa vikamdodea. Ndipo Mamlaka ya usafiri ikatangaza nafasi za mkataba kwa watu wa kwenda vituoni kuwauliza abiria maoni yao kuhusu mabasi. Wakapewa vizibao vya njano vyenye jina la Mamlaka mgongoni, tableti moja kila mtu, na mafunzo ya siku chache katika ukumbi wenye feni inayopiga kelele kuliko mwalimu. Kazi yenyewe haikuwa na miujiza. Unamsimamisha abiria, unamsalimu, unamuuliza kuhusu muda wa kusubiri, usafi, lugha ya makondakta na urahisi wa kubadilisha basi. Katika kila swali anatoa alama kuanzia moja, ambayo ni mbaya kabisa, mpaka tano, ambayo ni safi kabisa.

Katika wale walioajiriwa naye alikuwepo mwanamume mmoja mnene aliyeitwa Ndimu, na aliyempa jina hilo hakukosea. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amenuna tangu kuzaliwa. Abiria wakimwona anakuja na tableti walikumbuka ghafla kwamba wana simu za kupiga. Jioni alirudi ofisini na majibu machache, mengi ya moja na mbili, na matusi kidogo kwenye sehemu ya maoni. Yeye mama alirudi na majibu tele, tano juu ya tano, mpaka wachokozi wa ofisini wakambatiza Mama Tano. Jina lilimpendeza. Tusimlaumu, ni nani asiyependa kusifiwa?

Njia aliyopangiwa ilikuwa ya mtaani kwao wenyewe. Basi linatoka kituo cha karibu na nyumbani na kuishia kwenye mzunguko mkubwa wa barabara. Anayekwenda hospitali kuu anashuka pale mzungukoni, anapanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu, anashuka upande wa pili, kisha anasubiri basi jingine. Kwa mwenye afya ni usumbufu tu. Kwa dada yake yalikuwa mambo mengine kabisa.

Mama yao alipofariki walibaki wawili, dada akiwa msichana anayejifunza kushona na mdogo akiwa bado shule ya msingi. Dada hakuolewa, au tuseme hakupata nafasi ya kuolewa, maana kila aliyeleta posa alitaka kujua huyu mdogo atapelekwa wapi, na dada hakulipenda swali hilo. Alimsomesha kwa cherehani. Sasa figo zake zilikuwa zimechoka, na mara tatu kwa wiki ilimbidi aende hospitali kuu kusafishwa damu kwa mashine. Alikwenda peke yake. "Wewe nenda kazini," alikuwa akisema, "mimi si mtoto." Akirudi alijilaza, rangi imemtoka, na akiulizwa habari za huko alijibu, "Nzuri tu," halafu akageukia ukutani.

Kwa hiyo mdogo aliposikia kwamba Mamlaka itachagua njia chache za kuboreshwa kufuatana na maoni ya abiria, na kwamba njia yao inaweza kurefushwa mpaka langoni mwa hospitali, basi moja bila kushuka wala kupanda daraja, alifanya kazi kama mtu aliyerogwa. Jua likamkuta kituoni, mvua ikamkuta kituoni. Alimhoji fundi viatu mwenye meza yake pale, akawahoji wanafunzi, wauguzi, akina mama wenye watoto mgongoni, mpaka dada yake mwenyewe alipomkuta kwenye benchi anasubiri basi la kliniki. "Shikamoo dada, naomba dakika zako chache," alimwambia kwa sauti ya kikazi, wakacheka wote wawili. Hakuona ubaya wowote. Aliamini kwamba majibu yakiwa mengi, basi litakuja.

Msimamizi wao alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyokaa kichwani zaidi ya machoni, mtu wa haki lakini asiye na muda. Siku ya matokeo ya awali aliwaita wote, akaonyesha ramani ukutani. Kulikuwa na njia nyekundu, njia za njano, na moja ya kijani kilichokoza.

"Hii ya kijani ni ya Mama Tano wetu," alisema. "Ana majibu mengi kuliko wote, na abiria wake wameridhika mno. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Ndimu alipiga mawili, akaona yanatosha.

"Na kwa kuwa huko hakuna tatizo," msimamizi aliendelea, "njia hiyo tumeitoa kwenye orodha ya kuboreshwa. Tunaanza na hizi nyekundu. Orodha itapitishwa kwenye mkutano wa wadau." Akamgeukia huku akitabasamu. "Na ile nafasi ya ajira ya kudumu, mama, jina lako ndilo la kwanza mezani kwangu."

Makofi yakapigwa tena. Mama Tano alibaki mdomo wazi, mikono mapajani, na mwenzake wa kando akadhani ni furaha.

Alifika nyumbani bila kujua amepita wapi. Dada alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha, anapunguza suruali ya mtu.

"Dada, siku ile nilipokuhoji kituoni, kuhusu kubadilisha basi ulitoa ngapi?"

"Tano."

"Na kusubiri?"

"Tano. Zote nilikupa tano. Kwani zimepungua?"

"Dada! Wewe, wewe wa kuniambia kubadilisha basi pale mzungukoni ni tano?"

Dada akasimamisha cherehani. "Sasa ulitaka nikunyime? Umesimama juani tangu asubuhi, kizibao kinakupwaya utadhani umeazima, jasho linakutiririka, halafu mimi dada yako nikupe mbili? Ufukuzwe kazi kwa mkono wangu?"

"Hazikuwa zangu, dada. Zilikuwa za basi!"

"Basi lina haja gani na alama? Mwenye haja ni wewe." Kisha, kwa fahari kabisa, akamweleza kwamba hakuwa peke yake. Fundi viatu ndiye aliyepitisha neno kituo kizima: yule mtoto wa watu yuko kwenye majaribio, akipata alama ndogo anaachishwa, kwa hiyo jamani mpeni tano. Hata makondakta walikuwa wakiwakumbusha abiria kabla hawajashuka.

Hapo akaelewa kila kitu. Hakuna aliyekuwa amejibu kuhusu basi hata siku moja. Walikuwa wamemtazama yeye, wakamwonea huruma, wakamlipa. Kituo kizima kilikuwa kimemtendea wema, na wema huo ndio uliolizuia basi. Alitaka kucheka, akataka kulia, akaona yote mawili ni kupoteza muda. Hasira zilimpanda, na hakujua amkasirikie nani, maana huwezi kumgombeza mtu kwa kukupenda.

Asubuhi iliyofuata alikuwa kituoni mapema, na bila kumwomba mtu ruhusa akapanda juu ya benchi.

"Ndugu zangu," alisema, "nawashukuru, lakini mmeniponza. Mkinipa tano, basi la hospitali haliji. Leo naomba mseme ukweli."

Fundi viatu aliacha sindano hewani. "Kwa hiyo tano ndizo zinazokuharibia?"

"Zinatuharibia sote."

"Aa! Ungesema mapema. Shuka, mwanangu, usije ukaanguka. Hilo tuachie sisi."

Wakaachiwa. Ilipofika saa sita tableti yake ilikuwa imejaa moja tupu, juu mpaka chini. Mwanafunzi mmoja anayeishi kituo cha pili tu kutoka pale, ambaye hakosi kiti na hajawahi kuchelewa, alitoa moja kwenye kila swali, kisha akamkonyeza. "Tumesikia, mama. Tumekushushia." Kondakta mmoja mpole, asiyejua hata kupandisha sauti, alijipa moja kwenye swali la lugha na kuomba iandikwe kwamba anatukana sana. Mama Tano aliketi kwenye benchi lilelile alilolihutubia, akashika tama.

Msimamizi alipofungua majibu hayo alishusha miwani kutoka kichwani akaivaa machoni, na wote waliomfahamu walijua hiyo si dalili njema.

"Wiki iliyopita basi hili lilikuwa peponi. Leo liko motoni. Limepatwa na nini?"

Mama Tano akamweleza bila kuficha.

"Ulimhoji dada yako?"

"Ndiyo, mama."

"Tuliwakataza kuhoji jamaa zenu. Na leo umekwenda kuwafundisha abiria cha kujibu."

"Niliwaambia waseme ukweli tu."

"Ukiwaambia wewe, ni kuwafundisha." Msimamizi akashusha pumzi. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililouma. "Hii njia imeshaharibika. Tuiache hivyohivyo."

"Mpeleke Ndimu."

"Nani?"

"Ndimu aanze upya, mimi nisikanyage pale. Ndimu hakuna anayemhurumia."

"Nikimpeleka lazima niandike sababu. Niandike kwamba kazi yako ya kwanza haifai, na ya pili haifai. Mkataba wako unaisha mwezi huu. Unajua maana yake?"

"Najua. Andika."

"Na akikuta abiria wameridhika kweli?"

"Itakuwa wameridhika. Lakini waridhike na basi, si na mimi."

Mama Tano alimkuta Ndimu kwenye korido anakunywa maji, akamweleza yote. "Nakuomba kitu kimoja," alimalizia. "Usiwachekee."

"Lini nimecheka?"

"Basi endelea hivyohivyo."

"Ujue sikusaidii," Ndimu alisema. "Nitauliza, nitaandika."

"Ndicho ninachokitaka."

Na Ndimu akauliza, akaandika. Baadaye ilisimuliwa kwamba fundi viatu alimfuata akamnong'oneza, "Samahani bwana, wewe ukipewa ngapi ndiyo unapona?" Ndimu akamjibu kwamba hajui na hajali, asogee. Kituo kikachukia. Na watu waliochukia hawana haja ya kumpendeza mtu, kwa hiyo wakaanza kusema walichokuwa nacho: mabasi ni masafi kiasi, makondakta ni wa kawaida, kusubiri kunachosha, na kubadilisha pale mzungukoni ni adha tupu. Zikatoka nne, zikatoka tatu, mbili nyingi, na moja za kweli. Dada hakuhojiwa. Ndimu alijua ni jamaa wa nani, akampita kama nguzo.

Msimamizi aliirudisha njia ile mezani, lakini kwa tahadhari. Ilikuwa na matokeo matatu yanayopingana, kwa hiyo wadau wenyewe wangeamua. Asubuhi ya mkutano akamwita Mama Tano pembeni na kumwambia kwa upole kwamba ile nafasi ya kudumu imekwenda kwa Ndimu. Mama Tano akavua kizibao, akakikunja vizuri, akakabidhi na tableti. "Mkutanoni naruhusiwa kuingia?" aliuliza. Msimamizi akamwambia mkutano ni wa watu wote. Nyumbani alikuwa amemwomba dada waende pamoja, dada akakataa katakata. "Mimi ni mdau wa nini? Nina suruali za watu hapa."

Ukumbi ulikuwa ghorofani. Walikuwepo wenye mabasi, makondakta, wafanyabiashara, muuguzi mkuu kutoka hospitali na wawakilishi wa abiria, na mwenyekiti mwenye kikohozi alikaa mbele. Ilipofika zamu ya njia yao, aliyesimama wa kwanza ni mwakilishi wa wenye mabasi, bwana mwenye suti na sauti ya kuzoea kusikilizwa.

"Mwenyekiti, njia hii imepimwa mara tatu. Kwanza tano tupu, kisha moja tupu, kisha mchanganyiko. Tumwamini nani? Mimi naiamini ile ya kwanza, ina watu wengi zaidi. Abiria wale hawana shida, na kurefusha njia ni mafuta na matairi."

Watu wakaguna, wengi kwa kukubali. Mama Tano akasimama, akashika kiti cha mbele yake.

"Ile ya kwanza niliifanya mimi, mwenyekiti, na haifai. Watu walinihurumia. Walidhani alama ni zangu, wakanipa tano ili nisifukuzwe kazi. Kuhusu basi lenyewe hawakusema kitu."

Ukumbi ukacheka, na mwenye suti akacheka kuliko wote. "Yaani kituo kizima kilidanganya kwa sababu ya macho ya mama huyu? Mwenyekiti, naomba atuletee hata mmoja aliyedanganya, tumwone."

"Mimi hapa."

Sauti ilitoka mlangoni. Dada alikuwa ameegemea fremu, mkoba kifuani, anahema kwa zile ngazi za ghorofani. Mtu akataka kumpa kiti, akakikataa.

"Mimi nilitoa tano zote, na nilidanganya," alisema. "Yule ni mdogo wangu. Nilimpa yeye." Akamtazama mwenyekiti moja kwa moja, hakumtazama mdogo wake kabisa. "Mimi nasafishwa damu hapo hospitali kuu. Kukaa kwenye mashine nimezoea. Zile ngazi za daraja ndizo naziogopa kuliko sindano. Kuna siku nashuka mzungukoni, naziangalia, miguu inakataa, napanda basi lilelile narudi mtaani. Hospitali sifiki. Nakaa sehemu mpaka muda upite, nikiingia nyumbani nasema nimekwenda, nzuri tu."

Hakuna aliyecheka tena. Muuguzi mkuu alikuwa amegeuka kwenye kiti chake. "Mama, unajua ukikosa inakuwaje?"

"Najua, daktari alishaniambia waziwazi. Ndiyo maana nimekuja. Nikiendelea kuwa na adabu, nitakufa."

Mama Tano alikuwa bado amesimama. Alikumbuka zile jioni, mgongo wa dada, uso umegeukia ukutani, naye akimfunika shuka taratibu akiamini ni uchovu wa mashine. Aliuhoji mtaa mzima maswali yote ya Mamlaka, na mtu anayelala naye chumba kimoja hakuwahi kumuuliza zaidi ya habari za huko, na akalipokea lile jibu kwa sababu lilikuwa rahisi. Alitamani kukaa chini, lakini dada alikuwa amesimama, kwa hiyo na yeye hakukaa.

Mwenyekiti alikohoa, akaomba wanaotaka njia ile irudishwe kwenye orodha wanyooshe mikono. Ikanyooshwa mingi. Mwenye suti aliangalia karatasi zake, akaangalia mlangoni, na mkono wake ukapanda wa mwisho, nusu, lakini ukahesabiwa. Ratiba mpya ikitoka, basi litafika langoni mwa hospitali.

Walitoka nje pamoja, wakasimama juu ya ngazi za ukumbi.

"Umekosa mara ngapi, dada?"

"Usinihoji. Huna tableti."

"Dada."

"Nyingi," dada alisema. "Nyingi, mdogo wangu."

Mdogo akajifuta uso kwa kiganja, harakaharaka. "Kesho ni kliniki. Nakupeleka mimi. Daraja tutapanda hata tukipumzika kila ngazi. Na safari ijayo nakupeleka, na inayofuata, mpaka hilo basi lianze."

"Na kazi je?"

"Kazi gani?"

Dada aligeuka akamtazama. Akakiona kifua chake kisicho na kizibao, akaona mikono yake mitupu. Kisha akamnyooshea mkono ili amshike, jambo ambalo hakuwahi kulikubali tangu augue, wakaanza kushuka.